Mahindi Yaliyofungwa Vitambaa

"Bandika maji," Nyemo aliniambia kwenye simu, salamu hakutoa. Alikuwa ameshuka basi dakika hiyo hiyo, ana kiroba cha mahindi mabichi aliyoyavunja Kibakwe alfajiri, na alitaka bodaboda ikimfikisha kwangu Mkonze akute maji yanatokota. Sikumuuliza habari za safari wala za wajukuu. Nilikata simu, nikatoa sufuria kubwa ninayoitumia kwenye shughuli tu, nikatia maji, nikawasha gesi, kisha nikakumbuka mtungi unakaribia kuisha, nikatoka mbio kuwasha jiko la mkaa uani. Mume wangu aliinua macho kwenye gazeti akaniuliza kuna nini, mbona nakimbia. Nikamwambia mahindi yanakuja. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye gazeti lake. Yeye ni mtu wa mjini tangu kuzaliwa, anadhani hindi ni hindi, na mimi nilishaacha zamani kumbishia. Lakini nina miaka arobaini na saba, nimefundisha watoto wa watu miaka ishirini, na Jumamosi ile nilikuwa nikipepea mkaa kwa mfuniko huku moyo unanidunda kama binti anayesubiri posa.

Nyemo ni mtoto wa shangazi yangu, tumepishana miezi minne. Tulikuwa hatujaonana tangu tulipomzika mama yake, miaka minne iliyopita, na siku zile za msiba hatukuzungumza la maana. Kila mmoja alikuwa na sufuria yake ya kusimamia. Sasa aliingia uani kwangu amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, akatua kiroba, akachungulia jikoni kabla hajanikumbatia. Maji yalikuwa yanachemka. "Haya," alisema, "sasa nakuamkia." Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Kisha tukakaa kwenye vigoda, tukaanza kumenya, na yeye ndiye aliyeanza. Alishika hindi moja, akalibinya kwa dole gumba, akaniuliza bila kuniangalia, "Unaukumbuka mwaka wako ule?"

Mwaka wangu ule. Nyumbani kwa Shangazi mpaka leo unaitwa hivyo, kana kwamba miaka mingine wengine waliishi wao na ule niliukodi peke yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata sifuri. Sikukosa kidogo, nilipata sifuri safi, na ikaamuliwa nikakae Kibakwe kwa Shangazi nisome kwa utulivu, nirudie mtihani mwishoni mwa mwaka pale Mpwapwa. Nilifika na begi la nguo na boksi la madaftari. Nikapewa kulala na Nyemo katika chumba kilichopakana na jiko, na ukuta wake haukufika juu, kwa hiyo moshi ulipita, harufu zilipita, na maneno yalipita. Usiku wa kwanza nilimsikia Shangazi akimwambia jirani yake waliyekuwa wakichambua naye mboga, "Huyu mtoto asiulizwe habari za shule. Asiulizwe kabisa. Akiguswa hapo atavunjika." Jirani akaitikia, "Masikini." Nilijifunika shuka mpaka kichwani. Kutukanwa ningevumilia, maana nilistahili. Kilichoniumiza ni lile neno masikini.

Na kweli sikuulizwa. Nilichukuliwa kama yai. Nyemo akitumwa maji, mimi naambiwa, "Wewe soma, mwanangu." Nyemo akisonga ugali, nikinyoosha mkono kuupokea mwiko naambiwa nitaungua. Shangazi alikuwa mwanamke wa nguvu, sauti yake ilisikika mpaka bondeni. Alikuwa anagombeza kuku, anagombeza redio ikikoroma, alimgombeza hadi katekista aliyefupisha ibada kwa sababu ya mvua. Mimi tu hakunigombeza. Nilitamani siku moja nivunje sahani nione atafanyaje. Nilivunja moja, kwa bahati mbaya ya nusu kwa nusu, na yeye akaokota vipande akasema, "Pole, haikukukata?"

Sasa ilikuwa Machi, na mtu asiyejua Machi ya kwetu hawezi kuielewa hadithi hii. Ghala limebaki na vumbi. Ugali ni wa uwele, mboga ni mlenda, kesho mlenda, keshokutwa mlenda, na nje shamba limesimama kijani linakucheka. Mwaka uliotangulia mvua zilikatika mapema, watu wengi walikuwa wamekula hata mbegu. Kwa hiyo kila aliyepita shambani alikuwa anatazama ndevu za mahindi: leo za njano, kesho zimeanza wekundu, zikishakauka na kuwa kahawia unajua chungu kimekaribia. Nyemo na mimi tulikuwa tunaota kuchemsha. Tulikuwa tunalala tunaambiana mmoja atakula mangapi, na tulishafika sita. Jioni moja nilimwona Shangazi amezunguka pale kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali penye udongo mzuri kuliko kote. Alikuwa anabinya hindi moja moja kupitia ganda lake, taratibu, kama mtu anayepapasa shavu la mtoto, na kila aliloridhika nalo alichana kipande cha khanga nyekundu iliyochakaa akafunga kwenye bua. Nikasema moyoni, hayo ndiyo yameiva. Sikumuuliza mtu. Nani anauliza kitu kilicho wazi namna hiyo?

"Mimi ungeniuliza," Nyemo alisema uani kwangu, akitupa ganda kwenye beseni.

"Wewe ulikuwa Mpwapwa."

Alikuwa Mpwapwa kweli. Walikwenda yeye na mama yake Alhamisi, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, wakaniachia nyumba na kuku na madaftari. Ijumaa jioni kondakta wa basi alisimama njiani akaniita, akasema, "Mama Nyemo anasema kesho mchana anakuja na wageni wanne kutoka Mpwapwa. Uchemshe mahindi." Basi likaondoka. Mimi nikabaki pale barabarani, na sijui kama nimewahi kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yangu. Uchemshe. Hakusema nisubiri jirani aje achemshe. Yule asiyeaminiwa mwiko ameambiwa achemshe, tena ya wageni, tena ya kwanza ya mwaka.

Nyumba ile ilikuwa na namna yake ya kuchemsha na nilikuwa nimeisikia kupitia ukutani mara mia, maana watu wenye njaa hupika kwa mdomo. Maji hutangulia motoni ndipo uende shambani, kwa kuwa hindi likishavunjwa utamu wake huanza kukimbia. Usilimenye likabaki uchi. Unavua maganda ya nje, unaliachia mawili matatu ya ndani. Yale ya nje huyatupi, unayatandika chini ya sufuria kama godoro, mahindi yanalala juu yake, kisha unayafunika kwa mengine, halafu mfuniko, halafu jiwe juu ya mfuniko. Na chumvi usitie, chumvi inakaza punje. Anayetaka atajipaka mwenyewe mezani. Jumamosi saa tatu nilikuwa nimeshafagia uwanja mara mbili. Saa tano nikabandika maji, nikachukua ungo, nikaenda kwenye kichuguu. Nilivunja yote yaliyofungwa vitambaa. Yalikuwa ishirini na saba, marefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kidole, na nilivifungua vile vitambaa kwa adabu, nikavikunja nikaviweka dirishani ili Shangazi avitumie tena. Sufuria ikameza ishirini na nne. Matatu hayakuingia hata kwa kusukumwa, nikayaacha kwenye ungo mlangoni. Nilikaa mbele ya mafiga, jasho linanitoka, naimba. Harufu ilipoanza kutoka, ile harufu ya ganda bichi linalolegea, ya maziwa na nyasi, mbwa wa jirani alikuja akalala karibu nami kama mwenzangu.

Wakaja. Nilisikia hodi na vicheko tangu mbali, nikasimama kupokea mizigo, shikamoo mama, shikamoo mama, marahaba mwanangu, mbukwenyi hapa kwa salamu ya Kigogo, na mimi sikuweza kujizuia, nikasema kabla hawajakaa, "Mahindi tayari." Nyemo akanikonyeza kwa furaha. Nikaipua, nikamimina kwenye sinia, mvuke ukapanda mpaka darini. Mgeni mnene aliyekuwa kiongozi wao, wakimwita Mama Yona, alichukua la kwanza, akalivua ganda lake la mwisho, ndevu zikatoka zote kwa mkupuo mmoja. Punje zilikuwa nyeupe, pana, safu nane tu, zimejipanga kama meno ya mtu mwenye bahati. Akang'ata. Akafumba macho. "Mama Nyemo," alisema, "haya mahindi umeyatoa wapi wewe?"

Wakati huo ndipo nilipomtazama Shangazi. Alikuwa amesimama na hindi mkononi, nusu amelivua, anazihesabu safu kwa macho. Kisha akageuza kichwa kuelekea dirishani, pale nilipopanga vitambaa. Mkono wake ulishuka kidogo. Haikuzidi pumzi mbili. Akaketi mkekani, akalivua lote, akala. Alikula hindi lile mpaka likabaki gunzi, hakuacha hata punje ya ncha, na alipomaliza alisema mbele ya wote, "Mtoto huyu anajua kuchemsha." Sijawahi kusifiwa kwa sauti nzito namna ile na nikaogopa. Halafu akaniuliza, kama anayeuliza saa ngapi, "Damari, umeyapika yote?"

"Matatu hayakuenea, Shangazi."

"Yako wapi?"

"Kwenye ungo, mlangoni."

Akainuka, akayabeba yale matatu kifuani, akaingia nayo chumbani kwake, tukasikia kufuli la sanduku. Wageni wakaangua kicheko. "Jamani, Mama Nyemo anaficha mahindi tusiyamalize," alisema Mama Yona akijifuta machozi, na mwingine akadakia kwamba uchoyo wa Kibakwe unajulikana mpaka Dodoma mjini. Shangazi alitoka akicheka nao. "Nimewaona mnavyokula," alisema, "nikasema hawa watanila na mimi." Wakala yote ishirini na nne. Waliimba, wakaomba, wakaondoka na basi la jioni wakiwa bado wanamtania kwa uchoyo wake, na yeye alisimama barabarani anawapungia mkono mpaka vumbi likatua. Nyemo peke yake ndiye aliyekuwa hacheki tena. Alishaona vitambaa.

Shangazi aliniita jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaniambia kwa maneno machache. Mengine yote shambani yalikuwa ya mbegu ya dukani, ambayo huwezi kuitunza ukaipanda ikarudi ilivyo. Yale ya kwenye kichuguu yalitokana na mbegu ya mama yake, na mama yake aliipata kwa mama yake. Katika ule ukame alibakiwa na kiganja kimoja, na wote aliowahi kuwagawia walikuwa wamekula yao kwa njaa, na nani angewalaumu. Alifunga vitambaa ili mkono wa mtu usikosee, yaachwe yakauke kwenye bua; yale asiyoyafunga yalikuwa na mapengo, hayafai kwa mbegu. "Ndiyo desturi," alisema. "Kilichofungwa hakiguswi. Nilidhani kila mtu anajua." Kisha akalitoa moja kati ya yale matatu, akabinya punje kwa ukucha. Yalitoka maziwa, lakini mazito, karibu uji. "Mabichi bado," alisema, si kwangu wala kwa Nyemo. "Sijui." Akayafunga yote matatu pamoja kwa maganda yake, akayaning'iniza kwenye uchaga juu ya moto, mahali moshi unapopita.

Nikangoja kugombezwa. Nilikuwa nimesimama kabisa, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Alisema, "Nenda ukasome, mwanangu."

Basi mwaka wangu ule ulikuwa huo: mahindi matatu juu ya moto na mimi chini yake. Kila asubuhi nilipoamka nilitazama juu. Maganda yalikauka, yakawa rangi ya chai, yakawa meusi. Mwezi wa sita Nyemo alipanda kigoda akafunua kidogo, tukachungulia: punje zilikuwa zimenywea, zina makunyanzi kama ngozi ya kisigino. Mbegu njema hung'aa na kujaa. Usiku ule kupitia ukutani nikamsikia jirani akisema, "Zile hazioti, Mama Nyemo. Zilivunjwa zikiwa bado na maziwa. Mwambie mtoto ukweli." Na Shangazi akajibu, "Nimwambie nini? Mimi mwenyewe sijui. Na usimseme, ana mtihani." Nililia, lakini nilikasirika pia, na hasira ile ilinisaidia kuliko huruma yao yote. Niliwasha kibatari nikafungua daftari la hesabu. Wapo watakaotaka niseme punje zile zilikuwa ni mimi. Hapana. Punje zilikuwa punje, na zilikuwa za mama wa mama wa watu. Mimi nilikuwa msichana aliyeziua, labda.

"Ulikonda," Nyemo alisema. Alikuwa anatandika maganda chini ya sufuria yangu, anayabana pembeni vizuri. "Mama alikuwa anakuwekea mafuta kwenye mboga kwa siri." Sikuwa najua. Miaka yote ile, na nimejua Jumamosi ile uani kwangu. Akaweka jiwe juu ya mfuniko, akasema niendelee, yeye anapenda mwisho.

Nilifanya mtihani Mpwapwa. Ulipoisha nilitakiwa kwenda nyumbani, tiketi ilikuwa mfukoni. Nikapanda basi la Kibakwe. Shangazi aliponiona uwanjani hakushangaa, alisema tu, "Mvua bado." Tulingoja mvua pamoja wiki tatu. Ya kwanza ikanyesha, hakupanda. Ya kwanza hudanganya. Ya pili ilipopiga siku mbili mfululizo, aliyateremsha mahindi yale kutoka kwenye uchaga, akayapukuchua kwenye ungo kwa kidole gumba, akachambua. Punje nyingi zilikuwa ganda tupu, unazipuliza zinaruka. Zilizobaki na uzito kidogo zilikuwa themanini na kitu. Nikamwuliza kama tutajaribu chache kwanza kwenye kitambaa kibichi, tuone. "Hapana," alisema. "Zote, leo. Wewe shika jembe, Nyemo afukie, mimi nitatia." Tukapanda pale pale kwenye kichuguu. Mbegu moja kila shimo, kana kwamba tunalaza watoto.

Hindi zuri huchomoza siku ya tano, ya sita. Siku ya tano nilikwenda kabla ya jua, udongo ulikuwa laini, haujapasuka popote. Ya sita hivyo hivyo. Ya saba niliona kijani, nikapiga magoti, kumbe ni nyasi. Shangazi alikuwa hasogei huko. Alipitia upande wa pili wa nyumba akienda kisimani, njia ndefu, asipaone. Siku ya nane sikutaka kwenda. Nilikuwa nimekaa kitandani nafunga begi, nikasema moyoni nitaondoka kimya kimya nisiwatazame machoni, na ndipo Nyemo alipoingia. Alinishika mkono akanivuta, miguu yangu haina viatu, tukazunguka nyuma ya nyumba tukakimbia.

Lilikuwa moja. Jembamba, limejisokota kama sindano ya kijani, limeinua kipande cha udongo kichwani. Nikalala kifudifudi kabisa, shavu chini, ili niutazame udongo kwa upande. Nikaona la pili. Nyemo akaona la tatu, la nne, pale karibu na jiwe. Tulikuwa tunanong'ona, sijui kwa nini, kama vile tukisema kwa sauti yatarudi ndani. Yalifika kumi na moja. Nyemo anashikilia mpaka leo kwamba yalikuwa kumi na mawili, na tulibishana tena Jumamosi ile mpaka mume wangu akatoka kuuliza kama ni ugomvi. Yalikuwa kumi na moja. Niliyahesabu kwa shavu langu.

Tulipoinua vichwa Shangazi alikuwa nyuma yetu, ndoo ya maji bado kichwani. Aliitua. Alipiga magoti taratibu, akaenda kwenye kila chipukizi, hakuligusa, alilisogelea tu mpaka pumzi yake ikalitikisa. Kumi na moja. Alikaa chini kwenye udongo na khanga yake safi, akafuta uso kwa viganja viwili, akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake, ile ya kuku na redio na katekista, ilipanda kutoka mahali ilipokuwa imefungiwa tangu Machi.

"Sasa njoo hapa," alisema. "Njoo hapa wewe Damari. Hivi una macho au una matundu? Mtu anaona kitambaa kimefungwa kwenye bua, kimefungwa mafundo mawili, anafungua! Anafungua, anakunja, anapanga dirishani kama fundi cherehani! Huna mdomo wa kuuliza? Ulipewa mdomo wa kulia mahindi tu?" Jirani alitoka mlangoni kwake kutazama. Shangazi alinigombeza pale kwenye kichuguu, akanigombeza tukizunguka nyumba, akanigombeza jikoni huku anatia maji ya chai. Aligombeza sufuria niliyoijaza, akagombeza ile sahani, na alipomaliza ya mahindi akaingia kwenye sifuri yangu, somo kwa somo, hesabu, baiolojia, jiografia, mtoto mwenye akili kama hizi anawezaje, mpaka jua likawa juu ya paa. Nilisimama mbele yake nimejaa udongo shavuni, nikawa najibu "Ndiyo, Shangazi" kila alipovuta pumzi, nikiomba Mungu asichoke.